Kistari Mbele ya Jibu la Mama Kanyere

Papa Grefie,

Mtu akiingia ofisi yetu ya makarani wa korti na kuanza kusalimia kwa urefu, ulikuwa unamkata: "Salamu utatoa kwa kwenda. Sema kwanza unaleta nini." Basi mimi nimeleta swali. Siku ile Mama Kanyere aliponyamaza mbele ya hakimu, kwa nini uliniambia niweke kistari?

Nimetembea na swali hili tangu niliporudi kutoka Beni. Nimelipeleka kanisani, nikarudi nalo. Juzi nililiuliza kwa sauti nikiwa peke yangu, nimekitazama kiti chako, na yule karani mpya akaingia akadhani naongea naye. Akaniitikia, "Oui, Madame?" Nikaona haya, nikajifanya natafuta stapla.

Ndiyo, kuna karani mpya. Kiti chako amekisogeza upande wa mlango, anasema pale kilipokuwa jua linampiga machoni. Miaka yote ile hukuwahi kusema kwamba jua linakupiga. Kikombe chako cha bati bado kipo juu ya kabati. Hakuna anayekitumia na hakuna anayethubutu kukitupa. Mama wa nyumbani kwako ameanza tena kwenda kwenye kwaya ya wamama, ingawa anasema anafungua tu mdomo, sauti haijarudi. Na lile shamba la kakao la Mangina, ulilosema utaenda kulikalia ukipata pensheni, analiangalia mdogo wako. Alipita hapa akaniambia kakao imekubali vizuri. Nililia mbele yake, na yeye akafikiri nalia kwa furaha.

Sasa nirudi kwenye kesi. Nitaieleza yote ingawa uliijua kunishinda, kwa sababu nikiruka hatua hata moja ninapotea.

Mama Kanyere analima lile shamba la mteremkoni, Bulengera, tangu alipokuwa bibi arusi. Maharagi juu, viazi chini. Mume wake alipokufa, mtoto wa shemeji yake akaja kusema kwamba shamba ni la baba yake, kwamba baba yake alimwazima tu mama mahali pa kulima, na kwamba sasa analitaka alikate viwanja. Karatasi hakuna, si kwa huyu wala kwa yule. Kesi nzima ikabaki kwenye swali moja: nani alimwingiza Mama Kanyere katika lile shamba? Kama ni shemeji, aliazimwa. Kama ni baba mkwe, yule mzee mwenye kilima chote, basi alipewa, na shamba ni lake.

Hakimu wetu akauliza. Nakumbuka maneno yake yote: "Mama, ni nani alikuingizaka mu ile shamba? Taja jina yake."

Sisi wa leo tunataja kila mtu, mpaka marehemu tunawataja tukitafuna. Lakini mama wa umri wake hamtaji baba mkwe, hata akiwa kaburini, hata kwa kuzunguka, na zaidi mbele ya wanaume waliokaa. Wewe ndiye uliyenichekesha siku moja ukinieleza kwamba yule mzee aliitwa Katembo, na Mama Kanyere alipozaa mtoto wa tano wa kiume, ambaye kwetu, kwa namba ya kuzaliwa, lazima awe Katembo, akaamua kumwita Kijana. Anamwita Kijana mpaka leo, na huyo Kijana ameshaota mvi.

Basi mama akavuta kitenge chake, akafunika mdomo, akarudi hatua moja nyuma na kugeuzia uso ukutani. Jina la shemeji angelitaja bila shida, alikuwa amelitaja mara nyingi asubuhi ileile, tena kwa hasira. Mtu wa kumfanya afunike mdomo alikuwa mmoja tu. Hata yule mpinzani wake aliinamisha kichwa akaangalia viatu vyake, kwa sababu anayezungumziwa ni babu yake.

Nikakugeukia. Ukaniambia polepole, "Acha. Batu bote bameelewa. Weka kistari." Kwenye karatasi ya kikao, mbele ya neno Jibu, pakawa na kistari kimoja.

Hakimu, mtu wa Lubero ambaye amezaliwa na mama wa namna hiyohiyo, alimpa Mama Kanyere shamba. Katika hukumu aliandika kwamba mama ameonyesha wazi ni nani aliyemwingiza. Mpinzani akakata rufaa ndani ya siku zake. Hakimu akahamishwa upande wa Kasai, simu yake haishikiki. Na wewe ukafa.

Dosie, faili lote la kesi, ilipoitwa Beni, ambako korti ya rufaa inakaa tangu vita viiondoe ilikokuwa, nilitumwa mimi kuipeleka. Kabla ya kwenda ilikaa kwenye meza yangu siku mbili. Hili nakuambia wewe tu. Nilifungua ile karatasi zaidi ya mara kumi. Baada ya kistari kulikuwa na nafasi nyeupe ya kutosha maneno matano. Kalamu ninayo, wino ni uleule. Nilishika kalamu, nikaishusha mpaka karibu na karatasi. Halafu nikaona saini yako pale chini, ile inayotetemeka, nikafunga dosie. Sheria sikuiwaza hata kidogo. Niliogopa kuongeza maneno juu ya saini ya mtu ambaye hawezi tena kuyasoma.

Tukapita Maboya, tukapita Kabasha, nimekumbatia dosie kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Kila kizuizi askari walitaka kujua ni nini, na kila mara nilijibu ni karatasi tu.

Ulinifundisha kwamba korti ya juu haiendi kuuliza kilima, inauliza karatasi. Nilidhani nimeelewa. Lakini kuambiwa na kuona ni vitu viwili. Mahakimu watatu waliweka hukumu yetu upande huu na karatasi ya kikao upande ule. Prezida, mkubwa wao, akawa anafuata kwa kidole. Kila neno la hukumu analitafuta kwenye karatasi, limetoka wapi, nani alilisema. Likipatikana, anaendelea. Hukumu ikasema mama ameonyesha wazi. Kidole kikaenda kwenye karatasi, kikashuka, kikapanda, kikasimama pale nilipojua kitasimama.

Avoka, wakili wa yule mpinzani, akainuka. "Monsieur le Président, huyu mama hajue nani alimupa shamba. Musome benyewe. Swali iko, jibu haiko. Mais jugement inasema alijibu! Alijibu wapi?"

Na mimi nimekaa nyuma kwenye benchi, ninajua alijibu wapi. Alijibu ukutani.

Usifikiri walikuwa watu wabaya. Prezida ni mtu wa mbali, mpole, Kiswahili chake ni cha kujifunza. Kwa sheria anaweza kuwasikiliza watu upya, na alifanya hivyo. Alimwita Mama Kanyere mbele, akamwomba asiogope, akamwuliza swali lilelile kwa sauti ya heshima. Mama akavuta kitenge. Akafunika mdomo. Akarudi hatua moja, akautafuta ukuta kwa macho, akageuka. Nilimsikia karani wa pale akiuliza kwa chini, "Silence?" Prezida akajibu, "Silence." Karani akaandika hivyo, kimya. Mama aliporudi kukaa aliniangalia, akitaka kujua kama amefanya vizuri. Nilimwitikia kwa kichwa, sikujua nifanye nini kingine. Wakasema kesi imesikilizwa, hukumu itatoka baadaye.

Papa, hapo ndipo nilipochanganyikiwa, na mpaka sasa sijatoka humo. Wale wa Beni hawakukosea, wameuliza vizuri, wamesoma vizuri. Hakimu wetu hakukosea, aliona kwa macho yake. Mama hakukosea, ameshika heshima aliyofundishwa. Inawezekanaje watu wote wafanye kazi yao vizuri na shamba lipotee? Nikilitafuta kosa, kila mara linakuja kukaa juu ya kistari. Na kile kistari kina wenyewe wawili.

Nimezunguka vya kutosha. Mkono ni wangu. Wewe unajua na mimi najua. Mwaka ule wa mwisho vidole vyako vilikuwa vinakataa, ukawa unaniambia maneno polepole, mimi naandika, wewe unasaini. Kwa hiyo Beni wanapoona karatasi ile wanaona saini ya marehemu, na marehemu haulizwi. Niliporudi na kueleza yaliyotokea, wenzetu hapa ofisini walitikisa vichwa. "Muzee alishachokaka," wakasema. Nami nikanyamaza. Nilikunyamazia, Papa. Niliwaacha wakubebeshe peke yako, nikarudi nyumbani Rughenda, nikala, nikalala. Kesho yake asubuhi nilijitazama kwenye kioo nikaona mtu ninayemdharau kidogo.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Bulengera kumwomba Mama Kanyere msamaha. Alikuwa anapalilia. Nikamweleza kwamba jibu lake halikuandikwa, kwamba mimi niliweka kistari tu. Hakukasirika, alishangaa. Akasimama na jembe lake, akaniambia, "Lakini Papa Grefie aliniambiaka siku ileile, pale inje: Mama, hapana ogopa, tumeandika."

Tumeandika! Tumeandika nini? Nilishuka kile kilima nikiongea peke yangu mpaka watoto wakanicheka. Wewe ulikuwa husemi uongo. Umewahi kumrudisha mtu kutoka barabarani kwa sababu ulimpa saa isiyo sahihi. Na wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii kwa kunifumbisha macho. Wiki yangu ya kwanza, unakumbuka, ulinikalisha kwenye kona: "Fumba macho. Ile unasikia, andika. Ile unaona, hapana andika, macho ya karani inamudanganyaka." Kwa hiyo kwa sheria yako mwenyewe kile cha mama hakikuandikwa. Halafu ukatoka nje ukamwambia kimeandikwa.

Jumatatu nilifungua kabati la zamani, lile linalofungwa kwa kamba. Nikatoa karatasi zako za wakati mkono wako ulikuwa imara. Nilisoma mpaka vumbi likaniziba pua. Pale shahidi alipokosa jibu kweli, wewe uliandika kwa maneno: hana jibu. Na kwenye karatasi hiyohiyo, mistari michache chini, kistari. Nikashangaa, kwa nini hapa maneno na hapa kistari? Mama mmoja ameulizwa kama mwanawe ndiye aliyeiba: kistari. Mzee mmoja ameulizwa nani alimvunja mkono, na aliyemvunja ni mtoto wake aliyekaa palepale: kistari. Kumbe kistari chako kilikuwa kinasema huyu amejibu, ila si kwa mdomo. Na mahakimu wetu walikijua, maana walikaa na wewe chumba kimoja miaka mingi. Mimi niliyekuwa nakichora ndiye sikukijua. Na Beni nani angewaambia?

Nilifurahi kwa muda wa kama robo saa. Halafu nikakuta karatasi nyingine, kistari kimewekwa mbele ya mtu aliyeulizwa mwaka wake wa kuzaliwa. Huyo naye alijibu kwa kugeukia ukuta? Nikakaa chini kati ya dosie nikacheka mpaka machozi yakatoka.

Sijui, Papa. Sijui kama nimekuelewa au nakutetea tu kwa sababu umekufa. Labda siku ile ulikuwa umechoka, dawa imeisha nguvu, unataka kwenda kulala. Labda hata wewe uliona haya kumtaja kwa kalamu mtu ambaye mama hakumtaja kwa mdomo. Labda ulikuwa na uhakika wa kistari chako, ukasahau kwamba karatasi huwa zinasafiri na sisi tunabaki. Ungekuwa hapa ungeniambia, "Andika ile unajua. Ile haujue, iache." Sawa, lakini nikiacha yote nisiyoyajua, barua hii itakuwa na mstari mmoja.

Mstari huo niliutuma Beni. Niliwaandikia yale ninayoyajua tu. Kwamba mwandiko wa karatasi ile ni wangu, saini ni ya karani marehemu. Kwamba mama alifunika mdomo akageukia ukuta, na hayo niliyaona. Kwamba karani huyo alikuwa na namna mbili za kuandika ukimya, na karatasi zake za zamani ninazo mkononi. Karani mpya aliposoma alinyanyua macho. "Madame, unajiaribia kazi. Muntu ameshakufa, hakuna mwenye atamuuliza." Alisema kwa wema kabisa. Nilimjibu kwamba ndiyo sababu.

Wiki hii jibu limefika. Wamefungua tena mjadala kabla ya kutoa hukumu. Alhamisi nitaulizwa, na Mama Kanyere ataulizwa tena. Hawajaahidi kitu. Wanaweza kusema kwamba kisichokuwa kwenye karatasi hakipo, na mama apoteze shamba, na mimi nipoteze kiti siku hiyohiyo.

Jana nilipanda tena Bulengera. Nilitaka kumwambia ajitahidi, mara moja tu, alitaje lile jina, Mungu atamsamehe. Nilipofika nilishindwa. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa shamba anachambua maharagi, nikaona kumwomba hivyo ni kumwomba avue nguo. Ndipo swali lingine likanitoka, sijui lilitoka wapi. Nikamwuliza: Mama, kama mtu mwingine akilitaja jina, wewe unaweza kuitika?

Akaniangalia sana. Akaacha maharagi.

"Wee utaja, miye nitaitikia. Njo vile inafanyikaka. Mbona habakuniulizaka hivyo?"

Mbona, Papa? Mle ndani tulikuwa hakimu, wewe, mimi, na watu wa kilima kizima kwenye mabenchi, na sote tumezaliwa na mama hawa. Nafikiri ni kwa sababu tulielewa. Aliyeelewa hana haja ya kuuliza. Wale wa Beni, ambao hawakuelewa, wao wangeuliza, ila hawakujua kuna kitu cha kuuliza. Nikifika hapo kichwa kinaanza tena kuzunguka, basi naacha.

Alhamisi nitasimama. Najua karani hasemi kortini, umenikemea kwa hilo, lakini siku hiyo nitakuwa shahidi, na mimi siyo mke wa mtu wa ukoo ule. Nitamwomba Prezida ruhusa, niulize kwa sauti ya kusikika: ni mzee Katembo alikuingiza? Mama atavuta kitenge, namjua. Ila chini ya kitenge atasema "Ee," na yule karani wa Beni atakuwa na neno la kuandika. Nitamkazia macho mpaka aliandike.

Na hii nakuahidi. Kistari sitaweka tena. Nikimwona mtu amegeukia ukuta, nitaandika: amegeukia ukuta. Nitakuwa nimevunja sheria yako ya kufumba macho, na kama ni kosa litakuwa na jina langu.

Ulisema salamu zitolewe wakati wa kwenda, basi nazitoa sasa. Mama wa kwako anakusalimia. Mama Kanyere anakusalimia, hana kinyongo, amenipa maharagi. Kikombe chako nitakihamishia nyumbani kwangu kabla hawajakitupa. Kakao ya Mangina, nimeshakuambia. Wasingya kutsibu, asante sana, Papa. Pumzika, mimi nitapeleka dosie.

Utaona mwandiko ni uleule uliouzoea. Usihangaike kutafuta mahali pa kusaini, safari hii nasaini mimi.

Kavugho